Meza Iliyowahi Kumsabihi Mungu

Basra, mwanzoni mwa karne ya nane. Al-Hasan al-Basri, mwanachuoni aliyefariki mwaka 728, ameketi kula na wenzake, na chakula kimeandaliwa juu ya meza ya mbao. Mmoja wao, Yazid ar-Raqashi, anamuuliza: je, meza hii nayo inamsabihi Mungu? Al-Hasan anamjibu kwa ufupi kwamba iliwahi kumsabihi. Yaani ilipokuwa mti.

Habari hiyo imehifadhiwa katika tafsiri kubwa za Kurani, ya at-Tabari na ya al-Qurtubi zikiwamo, chini ya aya ya 44 ya Sura al-Israa, ile inayofundisha kwamba hakuna kitu kisichomtakasa Mungu ingawa wanadamu hawaelewi namna kinavyofanya hivyo. Wafasiri waligawanyika. Je, "kila kitu" ni kila kitu kweli, au ni kila chenye uhai? Imam an-Nawawi, aliyefariki Sham mwaka 1277, alizieleza kauli zote mbili katika sharhe yake ya Sahih Muslim. Wapo, anasema, walioona kwamba tasbihi ni ya vilivyo hai, na uhai wa mti ni mpaka ukauke, na uhai wa jiwe ni mpaka likatwe. Na wapo wahakiki walioiacha aya katika upana wake: mbichi na kavu, zima na lililovunjwa, vyote vinasabihi.

Kwa mtu wa bara, kusikia kwamba jiwe lina uhai mpaka likatwe kunaweza kumpa shida kidogo. Kwa mtu wa pwani ya Waswahili hakuna shida yoyote, maana hapa jiwe lilikuwa hai kweli.

Mawe ya kuchongea mihirabu, vizingiti vya milango na nakshi za makaburi yalikatwa baharini, kwenye matumbawe ya jamii ya Porites yaliyokuwa bado yanakua. Tumbawe ni nyumba ya maelfu ya wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa. Likitolewa majini likiwa bichi huchongeka kwa urahisi. Likikaa juani na upepeni huwa gumu, na ugumu huo hudumu mamia ya miaka. Mihirabu wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107. Wachongaji wa namna hiyo ya kazi walifanya kila siku jambo ambalo wafasiri walilijadili vitabuni: walishika kiumbe hai, wakakikata, wakakifanya kielekee kibla.

Wala hawakulikata ovyo. Chwaka, karibu na Tumbe, kaskazini mashariki mwa Pemba, wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba mji uliokaliwa kuanzia karne ya 11 hadi ya 16. Walikuta misikiti ya mawe na makaburi ya mawe, lakini watu wa mji huo, kwa sehemu kubwa sana, waliishi katika nyumba za udongo na makuti. Jiwe lilikuwapo, mafundi walikuwapo, na bahari iko hapo hapo. Mali nayo haikukosekana. Hata hivyo jiwe lilipelekwa msikitini na makaburini, na mtu akalala kwenye udongo. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine: wa kwanza, wa karne ya nane, ulikuwa wa miti, na wa mawe ukaja baadaye. Katika miji hiyo miwili ilikuwapo hesabu fulani ya nini kinastahili kudumu na nini kiachwe kioze.

Hesabu hiyo leo imevurugika, na kilichoivuruga ni saruji.

Kikemia saruji ni ndugu wa chokaa. Mababu walipanga magogo, wakarundika matumbawe juu yake na kuyachoma, kisha wakayazima kwa maji wakapata chokaa ya kujengea; na chokaa hiyo, ikiwa ukutani, iliirudisha polepole sehemu kubwa ya hewa ya kaboni iliyotoka jiwe lilipochomwa. Saruji ya Portland, ambayo Mwingereza Joseph Aspdin aliiandikishia hataza mwaka 1824, hupatikana kwa kuchoma jiwe la chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwenye joto la nyuzi zipatazo 1,450. Inashika upesi na kuhimili uzito mkubwa, na mahali pengi haihitaji mtu aliyefundwa miaka kumi. Lakini hewa inayotoka viwandani mwake inakadiriwa kuwa asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dayoksaidi yote inayotokana na shughuli za binadamu. Pemba huipata ikiwa imevuka bahari, mifuko ya kilo 50, na mtu yeyote mwenye karai na mwiko anaweza kumimina kitu kitakachoishi kuliko yeye.

Kwa hiyo swali aliloulizwa al-Hasan limehama kutoka kwa mwanachuoni likaja kwa fundi. Mgogoni, kaskazini mwa Pemba, kama katika vijiji vingi vya kisiwa hicho, ukuta wa udongo na fito unapakana na ukuta wa matofali ya saruji, na mikarafuu haiko mbali na kuta zote mbili. Fundi wa hapo akitaka kutengeneza chungu cha maua cha zege, kigoda chenye kikalio cha ubao, au kibao cha kuwekea taa chenye shimo la mmea, hahitaji kiwanda. Anahitaji ndoo mbili za plastiki, moja ndogo ya kuingia ndani ya nyingine, mafuta kidogo ya kupaka ili zege lisinate, mchanga uliochekechwa, saruji na maji. Anamimina, anagongagonga pembeni ili mapovu yatoke, anaacha. Siku ya pili au ya tatu anafumua.

Hapo ndipo kazi inapoanza kufanana na kilimo. Zege halishikani kwa kukauka, linashikana kwa maji. Likiachwa juani likauke haraka, huwa dhaifu na kupata nyufa. Fundi mzuri hulifunika gunia bichi na kulimwagilia asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na wahandisi hulipima nguvu baada ya siku 28 kwa kuwa huendelea kukomaa muda wote huo. Baadaye kuna uvumilivu mwingine: chungu kipya kina ukali wa chokaa, pH ya 12 hadi 13 katika maji yake, na mzizi ukiwekwa mapema utaungua. Kinalowekwa, maji yanamwagwa, kinalowekwa tena. Anayetaka kuweka mrehani au mshubiri katika chombo alichokimimina kwa mkono wake hana budi kwanza kukitoa sumu yake.

Na mchanga wenyewe si mali isiyo na mwenyewe. Ule wa ufukweni una chumvi inayoozesha nondo, na ule wa nchi kavu unachimbwa mashambani, mahali ambapo muhogo ungekuwa unakua. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imelazimika kuudhibiti uchimbaji wake kwa kuwa visiwa ni vidogo na mashimo hayajifukii yenyewe. Ubao nao una historia. Mfenesi na mwembe hulisha watu miaka mingi kabla ya kupasuliwa mbao. Mvule unaopatikana katika msitu wa Ngezi, upande wa kaskazini magharibi wa Pemba, unalindwa kwa sheria pamoja na mpapindi, mti mwembamba wa jamii ya minazi wenye asili ya kisiwa hiki, ambao leo wapenda bustani wa nchi nyingine huupanda kwenye vyungu pasipo kujua ulikotoka.

Basi kitu kidogo kama hicho, cha zege, ubao na jani, kina vitu vitatu vilivyo katika hali tatu mbele ya aya ile. Ukimfuata al-Hasan, jani linasabihi sasa hivi, ubao uliwahi kusabihi, na zege ni jiwe lililokatwa, likasagwa, likachomwa mpaka halina ukumbusho wa bahari. Ukiwafuata wahakiki wa an-Nawawi, vyote vitatu vinasabihi kwa pamoja na fundi ndiye asiyesikia.

Kauli ya pili ina uzuri wake, na ina hoja nzito. Sahih al-Bukhari inasimulia kigogo cha mtende ambacho Mtume alikuwa akikiegemea anapohutubu Madina. Alipotengenezewa mimbari akakiacha, kigogo kililia mpaka waliokuwapo wakakisikia, na hakikunyamaza ila baada ya yeye kushuka na kukishika. Kilikuwa kigogo kikavu, kimeshakatwa siku nyingi. Na mlima wa Uhud, kwa mujibu wa hadithi iliyo mashuhuri, ulisemwa kuwa unawapenda waumini nao wanaupenda. Baada ya hayo ni vigumu kudai kwamba mbao na mawe ni vitu bubu vilivyolala tu vikisubiri mwiko wa mtu.

Hata hivyo, kwa mtu anayetengeneza vitu, jibu la al-Hasan ndilo lenye kazi zaidi. Kauli ya wahakiki inampa fundi faraja: afanye atakavyo, tasbihi haikatiki. Kauli ya al-Hasan inamdai. Inamwambia kwamba kila anapokata, kuna sauti imekoma, na kitu anachokiweka mahali pa sauti hiyo lazima kiwe na sababu ya kuwapo. Chini ya kauli hiyo, kutopamba kupita kiasi hakuwi suala la ladha. Kunakuwa deni.

Hapa ndipo inapofaa kuangalia kwa makini mtindo wa vitu vya zege visivyo na pambo, ambao kwa miaka kadhaa sasa umependwa sana katika hoteli na nyumba za wenye uwezo duniani. Mfano wake bora kabisa ni wa ibada. Mwaka 1989, huko Ibaraki nchini Japani, Tadao Ando alimaliza kanisa dogo la kuta za zege tupu, na ukuta wa mbele ukapasuliwa kwa umbo la msalaba ili mwanga uingie. Fedha zilikuwa chache. Sakafu na mabenchi vikatengenezwa kwa mbao za jukwaa la mafundi. Mtu akiingia humo haoni umaskini. Anaona kwamba kila kitu kimeulizwa kama kinahitajika.

Pemba imeonja utupu wa zege kwa njia nyingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalijengwa majengo marefu ya ghorofa Michenzani mjini Unguja, na ya mfano wake yakaja Wete, Chake Chake na Mkoani. Hayakuwa na nakshi. Usawa wa madirisha ulikuwa ndiyo ahadi yenyewe: kila familia chumba sawa, bomba sawa. Ahadi ile ilikuwa ya heshima, na watu wengi walipata humo choo cha ndani na umeme kwa mara ya kwanza. Ila ilikuwa kiasi kilichoamriwa kutoka juu, na mkaazi hakuachiwa pa kuongeza chake isipokuwa roshani. Ndiyo maana roshani zikajaa makopo ya mimea.

Al-Ghazali, aliyefariki 1111, alilichambua jambo hili katika kitabu chake, Ihya, bila kutaja saruji. Asiye na kitu huku moyo wake unakitamani hajawa zahidi. Ni mhitaji tu. Zuhudi ni ya aliyeweza kushika akafungua mkono. Kwa kipimo hicho, kigoda cha zege kisicho na pambo katika ukumbi wa hoteli ya kifahari si zuhudi, kwa sababu kimenunuliwa kwa bei ya kusema kwamba mwenyewe anaweza kununua utupu. Wala nyumba isiyopigwa ripu kwa kukosa fedha Mgogoni si zuhudi. Zote mbili zinaonekana sawa katika picha. Tofauti iko mahali ambapo kamera haifiki, na mwandishi yeyote anayesifu urahisi wa vitu vya maskini bila kuuliza kama maskini mwenyewe aliuchagua anawafanyia dhuluma.

Ipo hadithi nyingine ambayo wachongaji wa pwani waliifanyia kazi kwa karne nyingi. Mtu aliyepata riziki yake kwa kutengeneza taswira alimjia swahaba Ibn Abbas kuuliza hukumu yake. Ibn Abbas akamwelekeza, kama hana njia nyingine, atengeneze miti na vitu visivyo na roho. Milango ya Zanzibar imejaa majani, maua, minyororo na mitende, na sehemu ya sababu ni hiyo. Mchongaji aliufuata mti kwa patasi mpaka ukafanana na mti. Fundi wa chungu cha zege anakwenda hatua moja mbele, na hatua hiyo ni ya unyenyekevu zaidi: hatengenezi jani kabisa. Anatengeneza uwazi wenye tundu la kutolea maji chini, kisha anangoja. Jani litakalotokea halitakuwa sahihi yake.

Wapo waliofanya hivyo kwa ukubwa. Kaskazini ya Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba mwamba wa matumbawe ya kale, na kilichobaki nyuma kilikuwa uwanja mweupe wa mawe, maji ya chumvichumvi, na joto lisilovumilika. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa Kiswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Tatu tu ziliweza kuishi, na uliokua vizuri kuliko yote ni mvinje, ambao mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoipatia naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakabaki hayaozi. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakiyala, akaleta mamia yao. Kinyesi chao kikawa udongo. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park na pana msitu, mabwawa na wanyama. Huwezi kusema kwamba msitu ule unafuta kilichochimbwa: saruji imekwenda, iko katika kuta za miji. Lakini jiwe lililokatwa lilipewa tena kitu kilicho hai, na jongoo ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi.

Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa na wazo linalokaribiana: paa lake ni miavuli ya zege iliyosimama kama miti, yenye kukusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na zege lake likabaki limesimama.

Mahali ambapo zege, ubao na mmea hukutana kwa kila mtu, tajiri na fukara, ni kaburini. Maiti wa Kiislamu huoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi. Hulazwa katika mwanandani, na juu yake huwekwa kiunza, ubao unaozuia udongo usimwangukie. Hayo hayana ugomvi. Ugomvi unaanza juu ya ardhi. Hadithi ya Jabir, katika Sahih Muslim, inakataza kuyapaka makaburi chokaa na kujenga juu yake, na vitabu vya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, vinaona kupaka kuwa makuruhu, na kujenga katika makaburi ya wakfu kuwa haramu. Wakati huohuo Ras Mkumbuu, magharibi mwa Pemba, makaburi ya nguzo ya mawe na chokaa yamesimama kwa karne kadhaa. Waliozijenga nguzo hizo walikuwa Waislamu waliojenga na msikiti jirani. Kuanzia miaka ya 1980, vijana wa vuguvugu la Ansari Sunna waliwakumbusha wazee hadithi ya Jabir kwa ukali, na katika baadhi ya makaburi tofauti hiyo inaonekana kwa macho: hapa ukingo wa saruji, pale tuta la udongo na jiwe moja kichwani.

Kuna hadithi ya pili, na ndiyo inayomrudisha al-Hasan. Mtume alipita kwenye makaburi mawili ambayo wenyewe walikuwa wakiadhibiwa, akachukua kuti bichi la mtende, akalipasua vipande viwili, akachomeka kimoja katika kila kaburi, akatarajia wapunguziwe adhabu muda ambao vipande hivyo havijakauka. Kwa nini mpaka vikauke? Wale waliosema tasbihi ni ya kilicho hai walipata hapa ushahidi wao mkubwa. Swahaba Burayda al-Aslami aliusia awekewe makuti mawili kaburini mwake. Al-Khattabi, mwanachuoni wa karne ya 10, alipinga: baraka ile ilikuwa ya mkono wa Mtume, na watu wanaoweka majani wanafanya jambo lisilo na asili. Ibn Hajar al-Haytami, Mshafi aliyefariki Makka katika karne ya 16, alikwenda upande wa pili, akaona kwamba katika makuti yale mawili inapatikana ruhusa ya kupanda kaburini miti na mirehani.

Fundi anayeitwa kutengeneza ukingo wa kaburi, kwa hiyo, haitwi kufanya kazi ndogo. Akilimimina zege juu ya kaburi lote na kulipiga niru, amefunga mjadala mzima kwa mfuko mmoja wa saruji: hapana kitakachoota hapo, wala kuti la Burayda halina pa kuchomekwa. Akimimina ukingo mwembamba wa kuzuia tuta lisichukuliwe na mvua, akaacha katikati udongo mtupu na kichwani akasimamisha ubao, mfuko huohuo unaweza kumtosha kwa makaburi kadhaa, na kila mwenye rai bado ana nafasi. Anayemfuata al-Khattabi ataacha udongo kama ulivyo. Anayemfuata al-Haytami atapanda mrehani, ambao mizizi yake ni mifupi na haufiki kwenye kiunza, na kwa kuwa haukai miaka mingi, itabidi arudi kuupanda upya.